Madamu na Maua ya Mukuba

Katika maisha yangu nimeona watu wakilima mahindi, muhogo, lengalenga, matembele, hata miwa chini ya dirisha. Mtu mmoja tu nilimwona akilima kitu kisicholiwa, kisichouzwa sokoni, na ambacho mtu wa mji wetu wa Likasi akikikuta kimeota nyumbani kwake huking'oa upesi kabla jirani hajapita. Huyo alikuwa jirani yangu. Alikilima upande wake wa seng'enge, karibu na jiko langu, na miaka mingi nilimchungulia nikijiuliza: huyu mama ananitakia nini?

Tulimwita Madamu. Jina lake ninalijua, na la baba yake, na la mwanamume aliyemwoa akamwacha, kwa sababu mimi shuleni sikufika mbali lakini majina hayanitoki kichwani. Ila yeye hakupenda kuitwa. Ukimtaja kwa jina aligeuka kwanza kutazama nyuma yake, kama kwamba kuna mwingine amesimama pale. Basi nami nitamwacha hivyo hivyo, Madamu.

Alilipata jina hilo fuaye. Fuaye ilikuwa nyumba ndefu ndani ya kambi ya wafanyakazi, ambako sisi wake za watu tulikwenda mchana kufundishwa kushona, kuoka keki, kuosha mtoto, kupanda mboga. Yeye alikuwa mwalimu. Tulikuwa mimi, Kalenga Odile, Ngoie Honorina, Mujinga Marselina, na Mbuya Albertina aliyeweza kusinzia huku anashona bila kujichoma kidole. Sote alituita kwa majina ya waume zetu. Alitufundisha hata kufagia. Mtu mzima, mke wa mtu, umezaa, unafundishwa kufagia!

"Madamu Ilunga," aliniambia siku moja, "pembe."

"Nimefagia, Madamu."

"Umefagia katikati. Katikati iko ya wageni. Pembe njo inasemaka kweli." Ndiyo inayosema kweli, yaani.

Odile akaninong'oneza, lakini mdomo wa Odile haujui kunong'ona: "Basi tuulize pembe bwana yake alikimbia juu ya nini, sababu gani."

Nyumba nzima ilicheka, hata Albertina aliamka. Madamu alichukua gauni ambalo Odile alikuwa amekwisha kulipinda chini, akalikagua taratibu kwa vidole, akamrudishia. "Fumua yote." Hakukasirika, hakupaza sauti. Tangu siku hiyo nilijua kwamba huyu ni mtu anayesikia na kuweka, na mtu anayeweka nilikwisha kumwogopa tangu utoto.

Alikuwa na mambo yasiyokaa pamoja. Alitufundisha keki, lakini sikumwona hata siku moja akiweka kipande mdomoni. Akija kwako alikuja amevaa skafu, na kikombe chake ndani ya kikapu. Ukimkaribisha bukari, ugali wetu, alijibu, "Nimekwisha kula," na tumbo lake likinguruma mpaka watoto wanageuka. Kanisani aliimba sauti ya pili, sauti nzuri kweli, lakini padri aliposema tupeane amani, yeye alitoa vidole viwili tu. Chumvi hakuazimisha. Halafu mtoto wa Marselina alipougua surua, ni yeye aliyekaa naye hospitalini akimpepea kwa gazeti mpaka homa ikashuka, Marselina mwenyewe akiwa amelala kwa uchovu. Uliza mtu yeyote wa avenyu yetu, mtaa wetu, kama Madamu alikuwa mwema au mbaya, atakuuliza kwanza wewe umesikia nini.

Nyumba zetu za kambi zimejengwa mbilimbili, paa moja, ukuta mmoja katikati. Ilunga wangu alipofariki aliniacha katika nusu ya kushoto. Nusu ya kulia ilikuwa ya Madamu. Nyuma, kila mmoja ana lupango yake, yaani kiwanja chake cha jiko na bustani, na seng'enge inapita katikati. Nyumba hiyo ndiyo mali yangu yote. Sina shamba, sina duka. Nina kuta nne, moja si yangu peke yangu.

Sasa, wa mbali wataniuliza, ua lina kosa gani?

Ni mmea mdogo. Haufiki goti, na mara nyingi hauvuki kifundo cha mguu. Shina lake lina pembe ukilipapasa, majani membamba, na mvua zinapoelekea kwisha juu yake hutoka kichwa kidogo kilichozungushiwa vijani vya zambarau iliyofifia, kama kitenge kilichofuliwa sana. Ni mzuri, siwezi kusema uongo. Lakini unapenda udongo wenye mukuba, ile shaba yetu, mahali ambapo majani mengine yote hukataa kuota. Mababu waliokuwa wakiyeyusha mukuba waliutafuta kwa macho wakitembea. Siku hizi wanautafuta wachimbaji vijana wa Kambove wenye mitarimbo. Wakiuona katika lupango ya mtu, huja kwanza kusalimia. Siku nyingine huja na koleo, waangalie kidogo tu. Halafu kuna shimo, halafu shimo lina hema juu yake, na siku moja unatembea chumbani mwako na sakafu inalia kama ngoma. Ngoie Honorina jiko lake lilizama na sufuria ikiwa motoni. Yeye alikuwa sokoni, Mungu yuko. Leo anakaa chumba kimoja na binti yake, na akisikia kishindo cha lori husimama mlangoni.

Kwa hiyo mtu anayepanda ua hilo karibu na ukuta wa mwenzake, kwa mikono yake, kwa makusudi, utamwita nani?

Niliyaona yote kwa tundu la seng'enge. Kwanza udongo. Kila mwaka kabla ya mvua, mtu mmoja wa baiskeli, Kabamba, alimletea mfuko kutoka upande wa Kambove, kwenye vilima vya mabaki ya zamani. Udongo ule ulikuwa na chembe za kijani kama mkate ulioota ukungu. Madamu alichimba tuta lake mpaka kina cha mkono kufika kiwiko, akatoa udongo mzuri mweusi, udongo ambao mimi ningeulilia, akautupa pembeni, akajaza ule wenye sumu. Mwanamke yuleyule aliyetuambia fuaye kwamba bustani bila samadi ni kukwaruza ardhi bure! Nilishindwa kunyamaza.

"Madamu, udongo muzuri unatupa?"

"Mu udongo muzuri inaota, kiisha inaoza shingo. Inaanguka."

"Juu ya nini?"

"Iko bidudu bya kuoza mu udongo. Mukuba inaua bidudu. Maua yenyewe haikufe." Akaendelea kuchambua mawe, kama kwamba amenieleza bei ya nyanya.

Mbegu zake ni ndogo kama ugoro. Alizichanganya na mchanga mkavu ili zisidondoke zote mahali pamoja, na hakupanda mvua ya kwanza. Mvua ya kwanza, alisema, hudanganya. Alingoja ya pili, ya tatu, ardhi ilowe mpaka chini, ndipo akarusha mbegu juu juu, bila kuzifunika, kwa sababu zinataka mwanga. Halafu akaweka ubao juu ya tuta akausimamia, akausogeza, akausimamia tena. Mimi wakati ule sikujua kwamba anazibana mbegu zishike udongo. Nilichoona ni mwanamke wa kanisa amesimama juu ya ubao peke yake, midomo inachezacheza. Nikasema, haya, sasa anatuloga mchana kweupe. Nilipotega sikio, ilikuwa sauti ya pili ya Jumapili.

Mvua ikiruka siku kadhaa, alimwagilia asubuhi kwa kopo lililotobolewa misumari, maji yaanguke polepole. Maji ya vyombo, hapana. Majivu, hapana. Samadi, usiitaje. Kuku wangu mmoja alipita chini ya seng'enge, akarudishwa amefungwa miguu.

"Kuku yako imekunya mu maua yangu."

"Si ungeshukuru, Madamu?"

"Minye sitake samadi. Samadi inaleta ile bidudu. Fundisha kuku yako."

Miche ikifika majani manne aliipunguza, ikibaki nafasi ya kiganja kati ya mmoja na mwingine, akaacha ile mifupi minene, akang'oa ile iliyorefuka kwa haraka. Na baridi ya Juni ilipokuja na upepo wake, vichwa vikikauka rangi ya chai, alivikata kwa mkasi wa kushonea, akavisugua juu ya sahani ya bati, akapuliza makapi, na mbegu akazitia katika chupa ya dawa ya kikohozi. Nilijifunza kazi yote hiyo bila kutaka, kama mtu anavyojifunza njia ya mwizi wake.

Kazi hiyo ilianza mwaka aliofariki Ilunga. Hilo sikulisahau.

Siku ya matanga watu walijaa. Madamu alikuja, akanipa vidole vyake viwili, hakulia, hakukaa kwenye mkeka na wanawake. Baadaye nilikwenda nyuma kutafuta hewa nikamkuta ameinama karibu na ukuta wa jiko langu, mgongo kwangu. Alikuwa anang'oa kitu. Aliposikia miguu yangu alikifunga upesi katika pindo la kitenge.

"Unafanya nini pale, Madamu?"

"Nafagia."

"Bila ufagio?"

Alinitazama, akapita kando yangu, akaenda kwake. Mtu anachukua nini nyumbani kwa marehemu, siku ya matanga, akakificha nguoni? Nilimweleza Odile, na Odile hakuhitaji kuombwa afikiri vibaya. Mwaka uleule, mvua zilipoanza, Kabamba akaja na mfuko wa kwanza.

Avenyu nzima ilikuwa na maelezo. Pasta Jeremi wa kanisa la maombi alisema lile tuta ni madhabahu, akapita mara mbili akilipigia kelele kutoka barabarani. Madamu alimkaribisha ndani aone karibu, akakataa. Odile alisema Madamu anamngojea mpwa wake mchimbaji, siku ikifika watafungua shimo. Mimi niliona wote wawili hawajui kuangalia. Tuta liko kwake, lakini wachimbaji wakija watafuata ua mpaka kwangu, kwa mjane asiye na mume wa kusimama mlangoni. Nitahamishwa, na ukuta ule mmoja utabaki wa mtu mmoja. Nilimuuliza wazi.

"Madamu, haya maua njo ya nini?"

"Ya kuangalia."

"Maua ya kuangalia iko mingi. Panda waridi."

"Waridi iko na miiba," akasema, akaingia ndani.

Halafu akaanza kugawa. Yeye, asiyeazimisha chumvi! Alipanda maua yale katika makopo ya maziwa na udongo wa Kambove, akapeleka kwa Bikira Maria wa parokia, akapeleka shuleni, akapanga mawili mlangoni mwa zahanati. Kwa Odile alikwenda na mfuko mzima wa udongo, akamtengenezea tuta nyuma ya choo, akamfundisha kumwagilia. Odile alifurahi, kwa sababu Odile akipewa kitu bure haulizi. Mimi aliniletea kopo langu na nililiacha juu ya nguzo ya seng'enge mpaka kila kitu ndani yake kikafa.

Wachimbaji wakaja kwa Odile, kama nilivyojua watakuja. Waliona maua nyuma ya choo, wakazungumza na mume wake Numbi, na Numbi ni mtu ambaye ukimwonyesha koleo tayari anaona gari. Walichimba juma zima. Walitoa udongo mwekundu, halafu udongo mwekundu, halafu matofali ya mtu wa zamani. Mukuba, hata rangi yake hawakuiona. Siku ya mwisho choo cha Odile kiliinama taratibu kama mzee anayetafuta kiti, kikaingia shimoni. Wachimbaji waliondoka wanamtukana Numbi. Madamu alikuja, akachungulia, akasema, "Pole." Halafu akauliza kama anaweza kuokoa miche.

"Ule si muntu," Odile aliniambia. "Ule ni jiwe inavaa skafu."

Nilikubali. Lakini nililala nikifikiri. Kama anawaita wachimbaji, mbona hakusimama nao? Mbona alipochungulia lile shimo tupu, uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepima kitambaa na kukuta kinatosha?

Jibu lilikuja na mtoto wangu mwenyewe. Felisiani hana ubaya, ana haraka tu. Alikuwa anabeba mawe ya watu Kambove, na huko alipata rafiki. Mwaka ule malaria ilinilaza, sikupalilia nyuma ya nyumba. Nilipopata nguvu ya kukaa juani, niliwaona wanaingia: Felisiani, vijana wawili wenye mitarimbo, na mmoja mwenye miwani myeusi na viatu visivyojua matope.

"Bonjur, kambo," akasema mwenye miwani. Bibi, kwa lugha yetu.

Nilimtazama. "Weye njo Dodo. Mutoto ya Mutombo Leonardi, wa makala ya kupikia."

Wale wawili walicheka. Yeye alivua miwani. "Sasa bananiitaka patroni, kambo."

"Baba yako tulimuita Leonardi tu, na alikuwa na mwili kukupita."

Alitabasamu kwa adabu, akaenda moja kwa moja karibu na jiko langu, akachuchumaa. Nami nikaona alichokiona. Katika udongo wangu, chini ya ukuta, mashina manne au matano, vichwa vya zambarau iliyofifia. Felisiani alitazama viatu vyake.

"Hii ilianza lini, kambo?"

Felisiani ndiye aliyesema, haraka, kama mtu anayesoma alichokariri: "Mama, ba Dodo banaweza kukujengea nyumba ingine kule Buluo. Mabati mpya."

"Buluo fasi gani? Karibu na gereza?"

"Haiko karibu kabisa."

"Baba yako alikufa mu ile chumba, Felisiani. Unataka niende kuzeekea kule, nasikiliza wafungwa banahesabiwa?"

"Mama, hii nyumba yenyewe inazeeka."

"Minye pia nazeeka. Utanichimba?"

Dodo alikuwa amekwisha kumwonyesha kijana mmoja mahali pa kuanzia. Nakumbuka ncha ya mtarimbo ilivyogusa ardhi, kujaribu tu, na sauti ndogo iliyotoa. Hapo ndipo nikasikia upande wa pili wa seng'enge:

"Mama Feli! Ile maua yangu imerukia kwako tena? Pole sana. Mupepo ya mwaka huu haina adabu."

Madamu, na skafu yake, na kikapu mkononi kana kwamba anatoka sokoni.

"Iko yako, kambo?" Dodo aliuliza.

"Yangu yote. Kuya, kuya uone."

Wakazunguka, nami nikasimama kwa seng'enge mahali pangu pa siku zote. Aliwaonyesha tuta. Aliwaonyesha makopo, mstari mzima juu ya matofali. Halafu akawapeleka nyuma ya banda, mahali nisipoweza kuchungulia, akatoka anavuta beseni kuukuu lisilo na mshiko, na ndani yake maua mazuri kuliko yote, yamesimama kama wanafunzi siku ya picha.

"Patroni," akamwambia, "hii beseni iko na mukuba? Chimba basi. Chimba beseni."

Kijana mmoja alishindwa kujizuia, akacheka. "Patroni, njo ile bibi ya maua! Ya kwa Odile ilikuwa yake. Ya ku shule ni yake. Balichimba kule bule."

"Nalipanda minye," Madamu akasema. "Kama munatafuta mukuba, mufwate maua. Kama munatafuta mwanamuke muzee, mumefika."

Dodo aliligonga beseni kwa ncha ya kiatu. Aligeuka, akatazama jiko langu muda mrefu, na mimi nilishika seng'enge mpaka ikaniuma. Halafu akavaa miwani yake. "Nyinyi bazee munatuchezea," akasema, na wakaondoka. Felisiani alikwenda nao bila kuniaga.

Nilikwenda kwa Madamu saa ileile, nikapita mlangoni bila kubisha. Alikuwa ananawa mikono.

"Madamu. Ile ya ku jiko yangu haikutoka kwako."

"Nani anasema?"

"Minye. Miaka yote unasema mu udongo ya siku zote inaoza shingo. Kwangu Kabamba hajamwaga mufuko hata siku moja. Na ile haikuoza. Iko inasimama, iko na maua. Basi udongo ya kwangu..." Ulimi ulikuwa umefika mahali nisipotaka uingie.

"Maliza."

"Sitamaliza."

"Njo muzuri," akasema, akajifuta mikono.

Ndipo akaniambia, amesimama, hakunipa kiti. Siku ya matanga ya Ilunga aliliona ua ukutani kwangu, watu wamejaa, macho yamejaa. Akaling'oa akalificha. Baada ya hapo akawa anapita chini ya seng'enge nikiwa sokoni, akang'oa, na kila mara yakarudi, kwa sababu mbegu zimekwisha kuingia ardhini na ni ndogo mno kuziokota. Mwaka huu wa malaria sikwenda sokoni, akakosa nafasi. "Kuficha nilishindwa," akasema. "Njo nikaona, afazali tuizidishe. Ikiota fasi yote, haisemake kitu tena."

"Na Odile?"

"Odile alipoteza choo."

"Choo ya Odile njo ilikomboa nyumba yangu?"

"Yangu," akasema. "Ukuta iko moja. Yako ikizama, yangu itabaki inashikwa na nini?"

Mtu mwingine angemkumbatia. Mimi nilirudi kwangu nikafunga mlango. Mtu anayeweza kupeleka wachimbaji kwenye choo cha rafiki yake, akichungulia shimo na kusema pole, kesho atapeleka wapi? Na ni nani aliyejua miaka yote hiyo kwamba huenda nimelala juu ya mukuba? Yeye peke yake. Mimi mwenye nyumba sikuambiwa. Odile mpaka leo hajui, na kila akimtukana Madamu mbele yangu, naitikia.

Miguu yake ilipokataa, mpwa wake Beatrisi alikuja kumchukua, akampeleka kwake Kikula. Si mchimbaji, huyo mpwa. Anauza mikate. Nusu ya kulia ya nyumba ikafungwa kwa kufuli, tuta likakauka. Felisiani akarudi kukaa kwangu. Ni mpole, ananiletea maji, anarekebisha bati. Kila asubuhi anakunywa chai yake amesimama nyuma, karibu na jiko.

Mawingu yalipoanza kukusanyika nilivaa kitenge cha kutokea, nikaenda Kikula kwa miguu. Beatrisi alinifungulia. Madamu alikuwa ameketi kitandani, mgongo haujaegemea, macho yamefunikwa na ukungu mweupe.

"Nani?"

"Mama Feli."

"Umeleta nini?"

"Ndizi."

"Weka pale. Nimekwisha kula."

Nilikaa. Nilimweleza habari za avenyu, Albertina kaondoka, Numbi kapata kazi ya kulinda geti Kakontwe. Alisikiliza bila kuuliza. Kisha akasema, "Mutoto yako amerudi."

"Amerudi."

"Anaangaliaka fasi gani?"

"Pale pale."

Alitikisa kichwa. Nikaona kama sitauliza leo, nitauliza kaburi. "Madamu, uniambie. Chini ya nyumba yangu mukuba iko, ao haiko?"

Vidole vyake vilikunja pindo la shuka na kulinyoosha.

"Nikisema iko, utamuambia mutoto yako. Nikisema haiko, hautapanda maua."

Hasira zilinipanda mpaka masikioni. Nimetembea juani, umri huu, nimefika kuambiwa siwezi kufunga mdomo! Nilifungua kinywa nimjibu. Nilitafuta jibu, na kichwani mwangu Felisiani alikuwa amesimama palepale nilipolitafuta, na kikombe chake cha chai.

"Hauniamini," nikasema.

"Na weye?"

"Hata kidogo."

"Basi tuko sawa." Akasogeza kichwa kidogo. "Chupa ya mbegu iko chini ya muto. Kabamba anajua fasi ya udongo, usimuambie ni ya nini. Tandaza mupaka ku jiko yako, ishikane na ile ya ukuta. Na usipande mvua ya kwanza."

Nilipitisha mkono chini ya mto. Kichwa chake kilikuwa chepesi, kama cha mtoto anayejifanya amelala. Nilifunga chupa katika kitambaa, nikaaga.

Mlangoni niligeuka ghafla, nimkamate akicheka. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameelekeza sikio upande wangu, pumzi ameishika, anasikiliza kama naibeba chupa au nimeiacha mezani.

Nikaitikisa kidogo, asikie.